Mapokezi, sakafuni, darasani au ukufunzi binafsi: uchague kazi ipi ya jimu?

Ukitaka kuzijua kazi za jimu, usiende saa moja jioni. Nenda saa tisa mchana. Jioni kila kazi inaonekana tamu: muziki uko juu, mashine zimejaa, mkufunzi amezungukwa na watu wanaocheka. Saa tisa mchana ukumbi umebaki na mzee mmoja mstaafu kwenye baiskeli na kijana mmoja anayejipiga picha kwenye kioo. Hapo ndipo utawaona wafanyakazi wanne walivyotofautiana. Wa mapokezi yuko mezani, analipwa. Mwelekezi wa sakafuni ana kitambaa na chupa ya dawa, anapangusa mabenchi, naye analipwa. Mwalimu wa madarasa hayupo. Aliondoka saa mbili asubuhi, atarudi saa kumi na mbili jioni, na katikati hapo hakuna anayemlipa. Mkufunzi binafsi amekaa pembeni na simu yake, anamsubiri mteja aliyesema yuko njiani, na kama amekodi nafasi humo ndani, saa hiyo anailipia yeye.

Zote nne nimezifanya, tena katika jimu zaidi ya moja. Siku hizi kijana akinijia na kuniambia anataka kuingia, simuulizi kama anapenda mazoezi. Wote wanayapenda. Namuuliza kama ataweza kuibeba saa tupu, ile ambayo mteja hajaja. Watu wengi hufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini au baada ya kutoka, kwa hiyo saa tupu haziepukiki, na lazima awepo wa kuzigharimia. Ama ni mwenye jimu, ama ni wewe. Tofauti nyingi za kazi hizi, za kipato na hata za uchovu, zinaanzia hapo.

Mapokezi: saa tupu si yako, lawama ni zako

Wa mapokezi analipwa kwa zamu. Aje mtu mmoja au waje mia mbili, zamu ni ile ile. Huhitaji cheti cha mazoezi. Unahitaji kuijua programu ya uanachama, kushika fedha bila kukosea, na kuamka mapema, maana jimu nyingi hufunguliwa kabla ya jua kuchomoza, na kuna wanachama ambao wakiukuta mlango umechelewa kwa dakika tatu watakuwa wameshamwandikia meneja kabla hujawasha taa za ndani.

Wasichokitarajia wengi ni kwamba hii ni kazi ya mauzo. Kuna lengo la mwezi, na aliyeingia kuuliza tu inabidi umtembeze, umwoneshe vyumba vya kubadilishia nguo, umkalishe na fomu kabla hajapoa. Kisha kuna wale wanaotaka kujitoa. Mtu amehama, au amevunjika mguu, au amechoka tu, na mkataba unasema lazima atoe taarifa ya mwezi mzima. Kanuni hukuitunga wewe, lakini macho yake yanakutazama wewe.

Na hapo mezani utaujua ukweli wa biashara ambao wa sakafuni hauoni. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichambua rekodi za klabu 3 za Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2006: wanachama wa mkataba wa kila mwezi walikwenda kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi, na wengi wao wangetumia fedha kidogo zaidi kama wangelipia kila wanapokuja. Wa mapokezi hahitaji utafiti huo. Majina ya wanaolipa na hawaji yako kwenye skrini yake kila asubuhi. Wengine hili huwakera hadi wakaacha kazi. Mimi lilinifundisha kumpigia simu mwanachama wa wiki ya tatu, yule anayeanza kupotea, na nadhani ndiyo kazi yenye maana kuliko zote zinazofanyika pale mezani, ingawa haimo kwenye lengo la mwezi la mtu yeyote.

Sakafuni: mshahara mdogo, shule kubwa

Mwelekezi wa sakafuni ndiye yule mwenye fulana ya jimu anayezunguka. Naye yuko kwenye zamu, kwa hiyo saa tupu ni ya mwajiri, ila hutaruhusiwa kuiketi. Ukumbi ukiwa mtupu utafagia, utarudisha dambeli mahali pake, utapangusa jasho la watu. Ningekadiria nusu ya kazi hii ni usafi na upangaji, na tangazo la kazi halitakuambia hivyo.

Usiidharau ile kazi ya kurudisha vyuma. Chuma kirefu cha kawaida cha kunyanyulia kina kilo 20 peke yake, na vile vya duara vinavyochomekwa pembeni vizito kabisa vina kilo 20 au 25 kila kimoja. Mwanachama akimaliza mazoezi ya miguu akaondoka bila kuvitoa, na wanaofanya hivyo hawapungui, wewe ndiye utakayevishusha kimoja kimoja. Mara kumi kwa zamu moja, na kisha watu wanakuuliza mbona huna nguvu za kufanya mazoezi yako mwenyewe.

Kazi yenyewe, ile uliyoiota, ni kuwapokea wapya. Unamkalisha, unampa dodoso. Jimu nyingi hutumia PAR-Q au linalofanana nalo; lilitungwa Kanada miaka ya 1970, na lina maswali 7 ya ndiyo au hapana kuhusu moyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mifupa na viungo, dawa za shinikizo la damu. Akijibu ndiyo hata mara moja, unamshauri amwone daktari kwanza. Halafu unamtembeza kwenye mashine, unamrekebishia kiti, unamwonesha namna ya kuchuchumaa bila magoti kuangukia ndani. Baada ya mwaka utakuwa umeitazama miili mingi kuliko anayesoma vitabuni peke yake. Utamtambua mwenye nyonga ngumu kwa anavyoshuka kukaa kwenye benchi. Nimeona wakufunzi walioruka hatua hii na kukimbilia wateja binafsi, na udhaifu wao ulikuwa mmoja: walijua mazoezi mengi, hawakujua watu.

Huduma ya kwanza pia ni jukumu lako zaidi kuliko la wengine, kwa sababu wewe ndiye uliye karibu. Utafundishwa kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na kutumia mashine ya kushtua moyo. Kasha la mashine hiyo nimelifungua mara moja tu maishani. Bwana alikuwa amezirai kwa kufanya mazoezi na tumbo tupu. Aliamka kabla sijambandika chochote, akanilaumu kwa kumpasulia fulana.

Darasani: saa za sifa, masaa ya kimya yasiyolipwa

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Mwalimu wa madarasa mara nyingi hulipwa kwa kipindi. Umefundisha dakika 45, umelipwa dakika 45. Kuandaa muziki, kujifunza mpangilio, kufika mapema kupima spika, kubaki baada ya kipindi kumsikiliza mama anayeuliza kuhusu goti lake, hayo yote ni mchango wako. Malipo kwa saa yakitajwa yanaonekana makubwa kuliko ya sakafuni, na wengi huvutwa na hapo. Gawanya kwa saa halisi ndipo ulinganishe.

Ugumu wa ualimu huu hauonekani ukiwa umesimama safu ya nyuma. Muziki wa erobiki huhesabiwa kwa mafungu ya midundo 32, na amri ya hatua inayofuata lazima itoke kabla fungu halijaisha, sio linapoanza, la sivyo watu ishirini watageukia pande tofauti. Ukiwatazama usoni, mkono wako wa kulia ndio kushoto kwao, kwa hiyo unasema kushoto huku ukiinua wa kulia, na huku unahesabu, na huku unamwona yule wa pembeni anayeinamisha mgongo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikitoka nimechoka kichwa kuliko miguu.

Kama utafundisha programu zenye chapa, ongeza gharama za kuzishika. Les Mills, kampuni iliyozaliwa Auckland, New Zealand, hutoa muziki na mpangilio mpya wa BodyPump, darasa lake la kunyanyua vyuma kwa muziki, kila baada ya miezi 3, na mwalimu anatarajiwa kuukariri. Zumba, iliyoanzishwa na Beto Pérez wa Colombia, huwataka walimu wake wawe na leseni. Faida ni kwamba huumizi kichwa kubuni, na ukihamia jimu nyingine unaingia ukiwa tayari. Hasara ni kwamba unafundisha kitu ambacho mwenzako anaweza kukifundisha vile vile kesho ukiugua, na meneja analijua hilo.

Kuhusu kuugua: mwili wa mwalimu wa madarasa ndio chombo chake cha kazi, na hana kingine cha akiba. Kwanza ni koo. Bila maikrofoni ya kichwani utapiga kelele juu ya muziki vipindi vitatu kwa siku, na sauti ikikwaruza wiki nzima ujue umeshachelewa. Jimu isiyo na maikrofoni nisingeikubali leo, hata ikiongeza malipo. Pili ni masikio, ambayo hakuna anayeyafikiria mpaka yaanze kulia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asipitishe saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 94 umebakiwa na saa 1 tu kwa siku. Chumba cha baiskeli chenye spika nne na kocha anayetaka kila mtu apagawe hufika huko bila shida. Tatu ni viungo. Ukiwa na vipindi kumi na tano kwa wiki, hufanyi mazoezi tena; unaruka ili ulipwe, na siku za kupumzika zinaamuliwa na ratiba.

Mwaka 2020, jimu zilipofungwa nchi nyingi kwa sababu ya korona, kazi hizi zilijionesha zilivyo. Penye mkataba wa ajira palikuwa na angalau kitu cha kudai. Anayelipwa kwa kipindi hakuwa na kipindi. Wengi waliweka simu juu ya meza sebuleni wakaanza kufundisha kupitia skrini, na wapo ambao hawakurudi ukumbini tena.

Lakini nisikufiche, hakuna kati ya kazi hizi nne inayofanana na dakika ya thelathini ya darasa lililojaa, wimbo unapopanda na watu arobaini wakashuka pamoja kama mtu mmoja. Ndiyo maana walimu wazuri hawaachi. Na ndiyo maana, nashuku, malipo yao yamebaki yalivyo.

Mkufunzi binafsi: kodi au mgao?

Huyu ndiye anayeonewa wivu. Ana wateja wake, anavaa apendavyo, bei ya kipindi chake kimoja inaweza kuzidi malipo ya saa kadhaa za sakafuni. Ila "mkufunzi binafsi" si kazi moja, ni mbili tofauti zenye jina moja, na kuchanganya hizo mbili ndiko kunakowamaliza wengi.

Ya kwanza ni ya mgao: jimu inakutafutia au kukusaidia kupata wateja, wao wanalipa mezani, jimu inakata sehemu yake kwenye kila kipindi. Ya pili ni ya kodi: unailipa jimu kiasi maalum kila mwezi, na kinachoingia kwa wateja ni chako chote.

Tuseme, kwa mfano tu, kodi ya mwezi ni sawa na bei ya vipindi 30, na jimu ya mgao inakata nusu kwa nusu. Ukiuza vipindi 40 kwa mwezi, mwenye kodi anabaki na 10, mwenye mgao anabaki na 20. Kwenye vipindi 60 wanalingana, kila mmoja ana 30. Kwenye 80 mwenye kodi ana 50, mwenzake ana 40. Na ukija mwezi mbaya wa vipindi 20? Mwenye mgao ana 10. Mwenye kodi anadaiwa 10. Badilisha tarakimu uweke za jimu unayoifikiria, hesabu ni ile ile: tafuta pale wanapolingana, gawanya kwa wiki, kisha jiulize kwa ukweli kama unao watu wa kujaza vipindi hivyo. Katika mfano wetu ni 15 kwa wiki. Anayeanza hana. Kwa hiyo anayeanza achague mgao, na anayemwambia vinginevyo huenda ndiye anayekusanya kodi.

Miezi mibaya si ajali. Inakuja kwa ratiba. Januari watu hufurika na maazimio ya mwaka mpya, kufikia Machi wamepungua, likizo zinapoanza wateja husafiri, na Desemba kila mtu "ataanza mwakani". Mwenye kodi mwenye akili huila Januari kidogo kidogo hadi Desemba.

Siku yenyewe imekatika vipande viwili. Wateja wanataka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, halafu wanataka tena saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Ukiishi karibu, ile katikati ni usingizi mzuri. Ukiishi mbali, ni saa nyingi za kuzurura bila kwenda popote. Wenye watoto wadogo naona wanateseka zaidi, kwa kuwa saa wanazohitajika nyumbani ndizo wanazohitajika ukumbini. Halafu kuna ujumbe wa saa nne usiku: "Kocha, kesho sitaweza." Kanuni ya kulipia kipindi kilichofutwa ndani ya saa 24 iandike siku ya kwanza na mteja aisaini, kwa maana ukingoja akuzoee utaona haya kuisema.

Kuna mzigo mwingine ambao hauna hesabu. Mteja binafsi atakusimulia. Ndoa, deni, bosi, mama mgonjwa, vyote vitatoka kati ya seti ya pili na ya tatu. Kusikiliza ni sehemu ya kazi. Kushauri si sehemu ya kazi. Vivyo hivyo kwenye maumivu na vyakula: wewe si daktari wala mtaalamu wa lishe, na mteja anayekuamini sana ndiye atakayekuuliza zaidi. Na usimkomoe mgeni siku ya kwanza ili aone umemfanyisha kazi. Misuli isiyozoea ikisukumwa kupita kiasi inaweza kuvunjika hadi sumu zake zikaziba figo, mkojo ukawa na rangi ya kola. Madaktari huita rabdomiolisisi. Hospitalini ndiko inakotibiwa, na jina litakalotajwa huko ni lako.

Vyeti, kwa ufupi

Mapokezi hawadai. Sakafuni na darasani wanadai cha msingi, ukufunzi binafsi unadai cha juu yake. Uingereza ngazi hizo ni ya 2 kwa mwelekezi na ya 3 kwa mkufunzi binafsi. Australia ni Cheti cha III na cha IV. Vyeti vya Marekani kama ACE na NASM vinatambulika nchi nyingi, ila huisha: kila miaka 2 unavihuisha kwa saa 20 za masomo, huku cheti cha huduma ya kwanza kikiwa hai. Anayejitegemea hulipia mwenyewe, pamoja na bima. Aliyeajiriwa aulize, wapo waajiri wanaolipa na hawasemi mpaka uulize.

Ningekushauri hivi

Kama una kodi ya nyumba na huna akiba, anza pale ambapo saa tupu ni ya mwajiri. Kati ya mapokezi na sakafuni, chagua sakafuni kama lengo lako ni kufundisha, hata kama mapokezi wanakupa kidogo zaidi. Ila ukiona baadaye unataka jimu yako mwenyewe, mapokezi ni pazuri kuliko watu wanavyodhani. Sijaona mwenye jimu aliyefilisika kwa kutojua kuchuchumaa.

Darasa lichukue kama nyongeza: vipindi viwili au vitatu kwa wiki juu ya zamu zako. Kama kazi pekee, liwe la mtu mwenye kipato kingine nyumbani au mwenye jimu tatu zinazomgombania. Ukufunzi binafsi ingia kwa mgao, ukifikisha ile namba ya kulingana miezi mitatu mfululizo, na mmoja wa miezi hiyo usiwe Januari, ndipo uzungumzie kodi.

Na kabla ya kusaini popote, tafuta kwenye mkataba kifungu kinachosema wateja ni wa nani siku utakapoondoka. Mimi sikukisoma. Nilihama na wateja saba walionifuata kwa hiari yao, nikapokea barua iliyonitaka nisiwafundishe kwa miezi sita, na barua ilikuwa sahihi, sahihi yangu ilikuwa chini ya mkataba. Wawili walirudi baada ya miezi hiyo sita. Watano walikuwa wamepata makocha wengine, na mmoja wao bado tunasalimiana kila jioni kwenye benchi la jirani.